Mfalme wa wake sita: si wote waliokatwa vichwa

Wengi huamini kwamba Henry wa Nane, mfalme wa Uingereza aliyetawala kuanzia 1509 hadi 1547, aliamuru wake zake wote sita wakatwe vichwa. Waliouawa hivyo ni wawili, mwaka 1536 na 1542. Wa tatu alifariki 1537, siku chache baada ya kujifungua. Wa sita alibaki mjane, akaolewa tena.

Wa kwanza na wa nne hawakupewa talaka hasa. Ndoa zao zilitangazwa batili, kana kwamba hazikuwahi kufungwa, na binti wa yule wa kwanza akahesabiwa mtoto wa nje ya ndoa. Jambo zito hilo, kwenye urithi wa kiti cha enzi!

Ukitaka kuhakiki, linganisha mwaka ndoa ilipovunjwa na mwaka mke alipofariki. Wa nne, kwa mfano: 1540 na 1557.