Vimondo vya Agosti: tunayodanganyana

Jina lenyewe ndilo la kwanza kutudanganya. Mtu akisikia "mvua ya vimondo" hutegemea anga lote limwagike cheche. Anatoka uani saa 3 usiku, taa ya jirani inammulika usoni, anasimama dakika kumi, anarudi ndani akisema wataalamu waongo. Mimi ningeyaita manyunyu: tone moja, kimya kirefu, halafu mawili kwa mpigo. Haya ya Agosti ni vimondo vya Perseidi, na kilele chake ni usiku wa tarehe 12 kuamkia 13.

"Utaona vimondo 100 kwa saa." Hesabu hiyo ni ya mtu mwenye anga safi kabisa, huku kitovu cha vimondo, yaani pale angani vinapoonekana kutokea, kikiwa utosini pake. Kwetu hakifiki utosini. Kiko mbali kaskazini, upande wa chini wa kundi la nyota la Kilimia, na ukiwa Dodoma hakipandi hata digrii 30. Tena huchomoza usiku wa manane umeshapita, kwa hiyo huyo wa saa 3 alikuwa anatazama bure. Toka saa 9 usiku hadi saa 11 alfajiri. Ulaya, ambako huo ni msimu wa joto, wanavuna zaidi yetu, lakini Dodoma na Singida mwezi huo mawingu ni haba. Pale shambani, na mpwa wangu tukiwa chali kwenye mkeka, tulihesabu 23 kwa saa mbili.

"Ni nyota zinaanguka." Nyota hazina habari. Ni vumbi lililoachwa na kometi (bonge la barafu na vumbi linalozunguka jua) iitwayo Swift-Tuttle, iliyogunduliwa mwaka 1862 na kupita karibu na jua mara ya mwisho mwaka 1992. Chenga nyingi hazizidi punje ya mchanga, ila zinakuja kwa kilometa 59 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, barabara ya Dar hadi Dodoma huimaliza kabla ya sekunde nane. Huteketea kilometa 100 hivi juu yetu, basi usitegemee kuokota kitu asubuhi. Kimondo cha Mbozi ni habari nyingine: lile ni bonge la chuma lililofika ardhini.

"Lazima darubini." Iache nyumbani. Inakuonyesha kijitundu tu cha anga.

"Ukiiacha kamera wazi muda mrefu, kimondo kitang'aa zaidi." Hii ilinila usiku mzima. Niliweka sekunde 60 nikidhani nakusanya mwanga. Asubuhi nikakuta anga la kijivu kama uji, nyota zimevutika, kimondo hakionekani. Kimondo hupita kufumba na kufumbua. Kikishapita, sekunde zinazobaki zinakusanya mwanga wa anga peke yake, nao unakimeza. Kinachokinasa ni uwazi wa lenzi na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Sasa natumia lenzi pana, uwazi wa f/2.8, ISO 3200, sekunde 15, stendi imara, na fokasi naivuta kwa mkono juu ya nyota angavu mpaka iwe nukta. Kamera siielekezi kwenye kitovu chenyewe, maana karibu nacho michirizi huwa mifupi; naipeleka kando kidogo. Kisha naiacha ipige mfululizo bila kuigusa.

Mwaka uliofuata nilirudi na picha 480. Nne zilikuwa na vimondo. Ya tano niliishangilia mpaka nikafungua iliyoifuata: mstari uleule unaendelea. Setilaiti. Kimondo huwa kwenye picha moja tu, ncha zake nyembamba na tumbo nene, mara nyingi kikianza na rangi ya kijani.

Zile picha zenye vimondo 50 kwa pamoja? Ni picha za usiku mzima zilizobandikwa moja juu ya nyingine. Sina ugomvi nazo, mradi mpigaji aseme.

"Bila kamera ya bei mbaya hupati kitu." Simu kwenye stendi, ikiwekwa hali ya usiku, hunasa vile vikubwa. Kinachoharibu kazi ni mwanga wa mwezi kuliko kamera. Mwaka 2026 jua linapatwa Agosti 12, giza kamili likipita Iceland na Uhispania. Jua hupatwa mwezi ukiwa upande wa jua, maana yake usiku huo mwezi haupo kabisa angani. Beba blanketi, na betri ya pili iweke mfukoni karibu na mwili. Kipupwe cha alfajiri kinazila.