Je, wajua kwa nini miradi ya programu huria haitumii mfumo mmoja wa kufuatilia hitilafu?

Hitilafu ya Debian, mfumo endeshi huria, huripotiwa kwa barua pepe. Ya KDE, mkusanyiko wa programu za kompyuta, huandikwa Bugzilla, ingawa msimbo wenyewe wa KDE unakaa GitLab, jukwaa la kutunzia msimbo. Ya lugha ya Python, tangu 2022, hupelekwa GitHub, jukwaa jingine la aina hiyo. Django, zana ya kujengea tovuti, bado iko Trac, programu ya kufuatilia hitilafu iliyotoka mara ya kwanza 2004. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, nayo ina fomu fupi kwenye tovuti yake ambayo hugeuza maelezo yako kuwa barua yenye namba na kuituma kwenye orodha ya barua pepe. Nyuma ya fomu hiyo hakuna mfumo wowote wa kufuatilia.

Miradi yote hiyo ina watu hodari, na mifumo hiyo inatumika bila malipo. Mbona basi hawajakubaliana? Mazoea yanachangia, lakini si jibu lote. Kila ripoti inapoingia huja na kazi ya uchambuzi: ni sehemu gani imeharibika, katika toleo lipi, je, ilishawahi kuripotiwa, ina uzito gani, na nani aishughulikie. Kazi hiyo haikwepeki, lazima mtu aifanye. Mifumo hutofautiana hasa kwa mtu inayembebesha.

Bugzilla: mwenye ripoti aanze kazi

Bugzilla ilizaliwa 1998 pamoja na mradi wa Mozilla. Terry Weissman aliiandika kwanza kwa lugha ya Tcl, kisha ikahamishiwa Perl, na hadi leo inatumiwa na Mozilla, GCC, LibreOffice, KDE na FreeBSD. Hapa huwezi kuwasilisha ripoti bila kuchagua bidhaa, kijenzi (yaani sehemu ya bidhaa hiyo) na toleo. Kijenzi ndicho uti wa mgongo wa mfumo mzima, maana kila kimoja kina mpokeaji wake. Ukichagua kijenzi cha uchapishaji, ripoti inamfikia anayehusika na uchapishaji bila mtu wa katikati.

Kuna sehemu mbili ambazo wageni huzichanganya kila mara. Ukali hueleza athari kwa mtumiaji, ilhali kipaumbele, kutoka P1 hadi P5, ni uamuzi wa watengenezaji kuhusu nini kifanywe kwanza. Hitilafu inayoangusha programu kwa mtu mwenye kichapishi cha kale inaweza kuwa na ukali wa juu kabisa na bado ikapewa P4. Mwenye ripoti anayejipandishia kipaumbele hadi P1 kwa kawaida hushushwa.

Ripoti mpya huweza kuanza ikiwa haijathibitishwa. Ikithibitishwa hupewa mtu, hutatuliwa, kisha huhakikiwa. Angalia lakini kwamba kutatuliwa si lazima iwe kurekebishwa. Ripoti hufungwa kwa sababu maalumu: imerekebishwa, si hitilafu, ni rudufu ya nyingine, haitarekebishwa, au kwetu inafanya kazi. Hiyo ya mwisho huwaudhi watu, ila ni ya kweli zaidi kuliko kufunga kimya kimya, kwa sababu atakayepata tatizo lilelile baadaye atajua hoja iliyobaki ni jinsi ya kulizalisha upya.

Mahusiano kati ya tiketi, yaani ripoti zilizomo kwenye mfumo, ndiyo nguvu nyingine ya Bugzilla. Hii inategemea ile, ile inazuia hii. Timu hufungua tiketi mama ya toleo lijalo na kuziunganisha nyingine zote kama vizuizi vyake. Tiketi mama ikibaki bila kizuizi kilicho wazi, toleo liko tayari. Mozilla hutumia pia bendera iitwayo needinfo: swali huelekezwa kwa mtu mmoja kwa jina, na hubaki kwenye orodha yake mpaka alijibu au aliondoe. Bila kitu kama hicho, swali lililoulizwa kwa wote hujibiwa na asiyehusika, au halijibiwi kabisa.

Kasoro ni kwamba mtumiaji wa kawaida hajui vijenzi. Anaona kitufe hakibonyezeki, na hana njia ya kujua kama kosa ni la programu yenyewe au la maktaba inayochora madirisha. Huchagua kijenzi cha jumla, na kijenzi cha jumla hugeuka kuwa shimo ambalo hakuna anayelichungulia. Mradi unaotumia Bugzilla bila watu wa kuchambua shimo hilo kila wiki umejenga fomu ngumu bure.

KDE inaonyesha kwa nini wengine huvumilia hali hiyo. Programu zake zimegawanywa katika mamia ya hazina za msimbo kwenye GitLab, na tiketi ya GitLab hufungamana na hazina yake. Mtumiaji angetakiwa kuijua hazina sahihi kabla ya kuandika hata neno moja. Bugzilla inampa mlango mmoja, na ripoti ikionekana ni ya programu nyingine, huhamishwa bila kubadili namba. Zaidi ya hayo, programu ya KDE inapoanguka, kisaidizi kiitwacho DrKonqi hukusanya mfuatano wa wito wa msimbo hadi pale ulipovunjika na kumsaidia mtumiaji kuupeleka Bugzilla.

GitHub na GitLab: mlango wazi, foleni ndefu

Huku ripoti ni kichwa na maelezo, basi. Wachangiaji wengi tayari wana akaunti, na hilo peke yake lilikuwa hoja kubwa ya Python kuuacha mfumo wake wa Roundup, na ya LLVM, mradi wa zana za kutafsiri msimbo, kuiacha Bugzilla mwishoni mwa 2021. Kuripoti ni rahisi. Lakini lebo kwenye GitHub huwekwa na wenye ruhusa katika hazina, si mpita njia, kwa hiyo uchambuzi wote unawaangukia watunzaji. Matokeo yake ni tiketi za mstari mmoja: haifanyi kazi, saidieni.

Tiba iliyopo ni fomu. Weka faili ya YAML (muundo wa maandishi wa mipangilio) kwenye folda ya .github/ISSUE_TEMPLATE, fanya toleo kuwa swali la lazima, na ulitolee orodha ya kuchagua badala ya kisanduku cha kuandika. Kisha kwenye config.yml weka blank_issues_enabled: false ili fomu isirukwe. Maswali matano yanatosha: toleo, mfumo endeshi, hatua za kuzalisha tatizo, kilichotarajiwa, kilichotokea. Ukiweka kumi na mbili watu hujaza herufi x na kuendelea, na utakuwa umepata data mbovu iliyopangwa vizuri.

Lebo zenyewe huoza. Hakuna kinachozuia tiketi moja kubeba lebo ya haraka na lebo ya kusubiri kwa wakati mmoja. GitLab ina lebo zenye nukta pacha mbili, mfano priority::1, ambazo hujitoa zenyewe ukiweka nyingine ya kundi hilo, ila zimo katika daraja la kulipia. Mradi unaoendesha toleo la bure kwenye seva yake hauzipati.

Kuna tatizo jingine lisiloonekana haraka. Ukiandika "Fixes #812" kwenye ujumbe wa badiliko, tiketi namba 812 hujifunga badiliko linapofika tawi kuu la msimbo. Mtumiaji aliye kwenye toleo rasmi la mwezi uliopita bado ana hitilafu, anakuta tiketi imefungwa, anafungua mpya. Ndiyo chanzo kikubwa cha rudufu katika miradi inayotoa matoleo kwa nadra. Anayefunga aandike toleo litakalobeba marekebisho, au tiketi ipangiwe hatua (milestone) ya toleo hilo.

Halafu kuna roboti za kufunga tiketi zilizonyamaza. Ile ya GitHub iitwayo stale, isipobadilishwa mipangilio, huipa tiketi alama baada ya siku 60 za ukimya na kuifunga siku 7 baadaye. Inapima ukimya, haipimi ukweli wa hitilafu, na mara nyingi aliyenyamaza ni mtunzaji. Itumie kwa tiketi zinazosubiri maelezo ya mwenye ripoti tu: ziwekee lebo yake, kisha uibane roboti kwa mpangilio wa only-labels.

Debian na swali la toleo

Mfumo wa Debian, debbugs, ulianzishwa na Ian Jackson 1994. Tovuti yake ni ya kusoma tu, na kila jambo hufanywa kwa barua. Unaandika kwa submit@bugs.debian.org, na mwili wa barua unaanza na mistari ya Package: na Version:. Amri ya reportbug hukujazia mistari hiyo kutoka kwenye kifurushi (programu iliyofungashwa) ulichosakinisha, pamoja na matoleo ya vifurushi kinavyovitegemea, kwa hiyo sehemu ya uchambuzi inafanywa na kompyuta yako. Ukiandika kwa mkono, tuma maandishi matupu na uiweke mistari hiyo mwanzoni kabisa, la sivyo mfumo hautajua ripoti ni ya kifurushi gani.

Wengi huona mfumo huu ni wa kizee. Lakini unajibu swali linaloishinda GitHub: hitilafu hii ipo katika toleo lipi? Kwa amri za found na fixed, zinazotumwa kwa control@bugs.debian.org, watunzaji hutaja matoleo yenye tatizo na yaliyopona. Mfumo huoanisha hayo na historia ya kifurushi, hivyo hitilafu moja inaweza kuonekana hai katika tawi thabiti na imekufa katika tawi la majaribio. Ngazi za ukali ni 7, na tatu za juu huweza kukizuia kifurushi kuingia katika toleo lijalo. Hapo ukali una meno.

Launchpad ya Ubuntu ilitatua jambo la jirani: tiketi moja yenye kazi kadhaa, moja ya Ubuntu, nyingine ya mradi asilia, kila moja na hali yake. Tiketi yake namba 1, iliyofunguliwa na Mark Shuttleworth, mwanzilishi wa Ubuntu, 2004, ililalamikia Microsoft kushika sehemu kubwa ya soko. Ilifungwa 2013. Fossil, mfumo wa kutunza msimbo uliotoka kwa watengenezaji wa SQLite, huhifadhi tiketi ndani ya hazina, kwa hiyo anayenakili msimbo ananakili na tiketi, na anaweza kuzisoma bila mtandao.

Kuhama ndiko kunakouma

Sababu ya mwisho ya miradi kubaki ilipo ni namba. Namba za tiketi zimetapakaa katika ujumbe wa mabadiliko, maelezo ndani ya msimbo na hata majina ya faili za majaribio, na historia ya Git, mfumo unaotunza mabadiliko ya msimbo, haihaririwi kirahisi. GitHub hutoa namba za tiketi na za maombi ya kuunganisha msimbo kutoka mfululizo mmoja, kwa hiyo namba 500 ya zamani huenda imeshachukuliwa na kitu kingine. Python ilitofautisha kwa viambishi: bpo- kwa zile za zamani, gh- kwa mpya. LLVM ilipata namba mpya kwa tiketi zake na ikalazimika kuelekeza viungo vya kale.

Anayepanga kuhama aanze kwa nakala kamili ya hifadhidata, kisha aingize kila kitu kwenye hazina ya majaribio ya kutupwa. Ahesabu na muda. API ya GitHub, yaani mlango wa programu nyingine kuwasiliana nayo, huruhusu maombi 5,000 kwa saa kwa mwenye akaunti na 60 tu kwa asiyejitambulisha. Kusoma tiketi 20,000 na kuchota maoni ya kila moja peke yake ni zaidi ya saa nne, na kuandika kuna mipaka mikali zaidi. Jedwali la namba ya zamani na mpya lihifadhiwe ndani ya hazina yenyewe. Mfumo wa zamani ubadilishwe kuwa wa kusoma tu, usizimwe.

Kinachosahaulika zaidi ni watu. Mfumo wa zamani unawajua kwa barua pepe, mpya kwa jina la akaunti, na hivyo viwili havilingani. Maoni huingia yote kwa jina la roboti, na aliyeripoti hapati tena taarifa tiketi yake ikijibiwa. Kabla ya kufunga mlango wa zamani, acha maoni ya mwisho yenye kiungo kipya kwenye kila tiketi iliyo wazi, na uzime barua kwa zilizofungwa, la sivyo maelfu ya watu watapokea taarifa za hitilafu za miaka kumi iliyopita kwa usiku mmoja.