BMI ya Mtoto Kadiri Anavyokua: Maswali na Majibu Kutokana na Tafiti za Ulaya

Mtoto wa miezi saba mwenye BMI (uwiano wa uzito na urefu wa mwili) ya 17 yuko karibu na katikati kabisa ya chati ya Shirika la Afya Duniani. Mtoto aliyetimiza miaka mitano akiwa na 17 hiyo hiyo amekwisha kuvuka mstari wa uzito uliozidi, na mtu mzima mwenye 17 anahesabiwa kuwa na uzito pungufu. Kwa sababu hiyo watafiti wa Ulaya wametumia miongo kadhaa kutafuta njia za kueleza mwendo mzima wa BMI ya mtoto, tangu kuzaliwa hadi ujana, badala ya kuridhika na kipimo cha siku moja. Maswali yafuatayo yanahusu njia hizo na yale ambayo zimefichua.

BMI ya mtoto inahesabiwaje?

Hesabu yenyewe ni ile ile ya watu wazima: uzito kwa kilo unagawanywa kwa mraba wa urefu kwa mita. Mtoto wa miaka mitano mwenye kilo 18.5 na urefu wa sentimita 110 ana BMI ya takriban 15.3. Wazo la uwiano huu lilitolewa na Mbelgiji Adolphe Quetelet mwaka 1832, na jina linalotumika leo lilienezwa na Mmarekani Ancel Keys mwaka 1972. Wote wawili walikuwa wakiwafikiria watu wazima, ambao urefu wao haubadiliki. Kwa mtoto, uzito na urefu vinabadilika pamoja na kwa kasi tofauti, ndiyo maana BMI yake haina maana yoyote mpaka itajwe pamoja na umri na jinsia yake.

Kwa nini BMI ya mtoto hupanda, ikashuka, kisha ikapanda tena?

Mtoto huzaliwa akiwa na BMI ya karibu 13. Katika miezi ya mwanzo mwili wake huweka mafuta mengi kwa haraka, na BMI hupita 17 kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Baadaye anaanza kutambaa na kutembea, urefu unakimbia mbele ya uzito, naye anakonda machoni pa wazazi wake, jambo linalowatia wengi wasiwasi usio na sababu. BMI hushuka polepole hadi karibu 15 anapofika miaka mitano au sita. Hapo hugeuka na kuanza kupanda, na haiachi kupanda mpaka utu uzima, ambapo wastani wa kijana wa miaka 19 huwa kati ya 21 na 22.

Mahali hapo pa kugeukia ndipo palipovutia watafiti kuliko pengine popote. Mwaka 1984 Mfaransa Marie Françoise Rolland-Cachera na wenzake walionyesha kwamba watoto ambao BMI yao iligeuka mapema, kabla ya kufikia miaka mitano na nusu, walielekea kuwa wanene zaidi baadaye kuliko wale waliogeuka wakiwa wamechelewa. Tafiti nyingi zilizofuata zimekubaliana nao kuhusu uhusiano huo. Hata hivyo, mwanatakwimu wa Uingereza Tim Cole alitoa hoja mwaka 2004 kwamba mgeuko wa mapema si lazima uwe chanzo cha unene. Mara nyingi ni dalili tu ya mtoto ambaye tayari mstari wake uko juu au unavuka mistari ya chati kwenda juu. Naona hoja hiyo ina uzito mkubwa, kwa kuwa inamwondolea mzazi hofu ya kwamba kuna mwezi mmoja wa hatari ambao ukipita basi hakuna la kufanya.

Modeli ya ukuaji ni nini, na kwa nini wastani wa kawaida hautoshi?

Modeli ni mlinganyo wa kihesabu unaojaribu kueleza kwa mstari laini kile ambacho vipimo vichache na vyenye makosa vinaashiria. Watoto hawapimwi kila wiki. Mmoja ana vipimo kumi na viwili, mwingine vitatu. Mmoja alipimwa akiwa na miezi tisa, mwingine alikosa kliniki hadi alipofika miaka miwili. Ukichukua wastani wa kila umri peke yake, unapata mstari wenye mikwaruzo inayotokana na nani alikuja siku hiyo, na unapoteza kabisa habari ya mtoto mmoja mmoja, yaani lini alifika kileleni, lini aligeuka, na alipanda kwa kasi gani.

Chati tunazoziona kliniki zilitengenezwaje?

Nyingi zimejengwa juu ya njia iliyobuniwa na Tim Cole mwishoni mwa miaka ya 1980 na kukamilishwa pamoja na Pamela Green mwaka 1992, inayojulikana kwa herufi tatu, LMS. Kwa kila umri hukadiriwa mambo matatu: thamani ya kati ya BMI, upana wa kutawanyika kwa watoto kuizunguka thamani hiyo, na kiasi ambacho mtawanyiko huo umevutwa upande mmoja. Jambo la tatu ni muhimu mno kwa BMI, kwa sababu watoto walio juu sana ya thamani ya kati huenda mbali zaidi kuliko walio chini, na chati isiyozingatia hilo huweka mistari ya juu mahali pasipostahili. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vilitumia njia iliyoendeleza wazo hilo hilo, kwa watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani waliolelewa katika mazingira mazuri ya afya na kunyonyeshwa. Msomaji aliyezoea kadi ya kliniki ya Afrika Mashariki anatumia kazi hiyo kila anapoona mistari yake ya rangi.

Je, kuna modeli inayomfuata mtoto mmoja mmoja?

Ndiyo, na hapa ndipo tafiti za Ulaya zimechangia sana. Utafiti wa IDEFICS, mradi wa Ulaya kuhusu lishe na unene wa watoto, ulioanza kupima mwaka 2007, uliwapima watoto 16,228 wa kati ya miaka miwili na miaka 9.9 katika nchi nane: Italia, Estonia, Cyprus, Ubelgiji, Sweden, Ujerumani, Hungaria na Hispania. Watafiti waliongeza kumbukumbu za kliniki za utotoni, wakapata kwa kila mtoto mfuatano wa vipimo tangu siku za mwanzo za maisha.

Mfuatano kama huo huchambuliwa kwa modeli ya ngazi, ambamo vipimo viko ndani ya mtoto na watoto wako ndani ya nchi. Kila mtoto hupewa mstari wake, lakini mstari huo haukadiriwi kana kwamba yuko peke yake duniani. Pale vipimo vyake vinapokuwa haba, modeli hukisia kwa kutazama watoto wengine wa umri wake, na kadiri vipimo vyake vinavyoongezeka, inamsikiliza yeye mwenyewe zaidi. Umbo la kupanda, kushuka na kupanda tena haliwezi kuchorwa kwa mstari ulionyooka wala kwa mlinganyo wa mraba, kwa hiyo umri huingizwa katika sura kadhaa pamoja, kwa mfano kipeuo cha pili chake, logi yake na kipeo chake cha tatu, na mchanganyiko unaofaa zaidi huchaguliwa kwa kujaribu. Njia hii ya kuchanganya vipeo, iliyoelezwa na Patrick Royston na Douglas Altman mwaka 1994, ina sifa ya kuwa nyepesi na yenye kunyumbulika, ingawa huweza kupotoka mwanzoni na mwishoni mwa grafu, ambako vipimo ni vichache.

Modeli hizi zimeonyesha nini?

Kwanza, zimeonyesha kwamba mistari ya nchi hutengana mapema. Tofauti hiyo, hasa kati ya kusini na kaskazini mwa Ulaya, inathibitishwa pia na mpango wa ufuatiliaji wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya, ambao katika awamu yake ya 2018 hadi 2020 ulikuta kwamba takriban asilimia 29 ya watoto wa miaka 7 hadi 9 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri, huku nchi za Mediterania kama Cyprus, Italia, Ugiriki na Hispania zikiwa miongoni mwa zilizo juu.

Pili, miaka ya kabla ya shule ina uzito mkubwa. Watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walichapisha mwaka 2018 uchambuzi wa watoto 51,505 na kukuta kwamba, kati ya vijana waliokuwa na unene uliokithiri, kasi kubwa zaidi ya kupanda kwa BMI ilikuwa imetokea wakiwa na umri wa miaka miwili hadi sita. Karibu asilimia 90 ya watoto waliokuwa na unene uliokithiri wakiwa na miaka mitatu walibaki na uzito uliozidi au unene uliokithiri katika ujana. Matokeo haya yanapingana moja kwa moja na faraja ambayo jamaa hupenda kuitoa, kwamba mtoto atapungua mwenyewe akirefuka. Wapo wanaopungua, lakini kwa mtoto aliyekwisha kufika juu hivyo akiwa na miaka mitatu, ni wachache.

Tatu, vizazi vimebadilika. Uchambuzi uliounganisha makundi matano ya Waingereza waliozaliwa mwaka 1946, 1958, 1970, 1991 na 2001 ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa baada ya miaka ya 1980 walikuwa na uwezekano mara mbili hadi tatu zaidi wa kuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri kufikia umri wa miaka 10, wakilinganishwa na waliozaliwa kabla yao. Mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa katika mistari ya juu ya chati, si katikati, na anayetazama wastani peke yake angeweza kuyakosa kwa urahisi.

Ni mambo gani ya mwanzoni mwa maisha yanayobadilisha mstari wa mtoto?

Uzito wa mama kabla ya ujauzito na kiasi alichoongezeka akiwa mjamzito hujitokeza mara kwa mara. Uvutaji wa sigara wakati wa ujauzito una athari ya kusikitisha ya pande mbili: mtoto huzaliwa akiwa mdogo, kisha BMI yake huelekea kupanda kuliko ya wenzake. Kuhusu maziwa ya kopo, jaribio lililofanyika Ujerumani, Ubelgiji, Italia, Poland na Hispania lilionyesha kwamba watoto waliopewa maziwa yenye protini nyingi mwaka wa kwanza walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kuwa na unene uliokithiri walipofika miaka sita, wakilinganishwa na waliopewa yenye protini kidogo.

Kunyonyesha kunahitaji maneno ya uangalifu. Tafiti nyingi za kuchunguza tu zimewakuta watoto walionyonyeshwa wakiwa wembamba zaidi, lakini jaribio kubwa la Belarus lililowahusisha akina mama na watoto wachanga 17,046, ambalo liliongeza kwa hakika unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee, halikupunguza BMI ya watoto walipofika miaka sita na nusu wala kumi na moja na nusu. Maziwa ya mama yana faida nyingi zilizothibitishwa, hasa dhidi ya maambukizi, na hayahitaji kutetewa kwa dai lisilo imara.

Kosa dogo la kupima linaweza kuharibu matokeo?

Linaweza, hasa kwa wadogo. Mtoto mchanga wa kilo 8.3 na sentimita 70 ana BMI ya 16.9, akipimwa kimakosa kuwa na sentimita 69, inaruka hadi 17.4. Aidha, watoto wa chini ya miaka miwili hupimwa wakiwa wamelala na wakubwa wakiwa wamesimama, na kulala huongeza urefu kwa karibu sentimita 0.7, kwa hiyo modeli isiyorekebisha hilo huona mruko ambao haupo mwilini mwa mtoto.

Je, BMI inawafaa sawasawa watoto wa asili zote wanaoishi Ulaya?

Haiwafai sawasawa, na wazazi wenye asili ya Afrika wanapaswa kulijua hili. BMI haitofautishi mafuta na misuli au mifupa. Tafiti za Uingereza zilizopima mafuta ya mwili moja kwa moja zilikuta kwamba, kwa BMI ile ile, watoto wenye asili ya Asia Kusini huwa na mafuta mengi zaidi kuliko watoto weupe, na watoto weusi wenye asili ya Afrika huwa na mafuta machache zaidi. Maana yake ni kwamba chati inaweza kumhesabu mtoto wa Kiafrika kuwa mnene kupita hali yake halisi, na ikampita kimya mtoto wa Kihindi aliye hatarini. Hilo halimpi mzazi ruhusa ya kupuuza mstari unaopanda kwa kasi, kwa kuwa kuvuka mistari ya chati kwenda juu ni taarifa kuhusu mtoto mwenyewe akilinganishwa na alivyokuwa jana.

Mzazi afanye nini akiambiwa mtoto ana uzito uliozidi?

Aombe kuona grafu yenye vipimo vyote vya nyuma, si namba ya siku hiyo pekee. Uingereza, kwa mfano, huwapima watoto shuleni wakiwa na miaka 4 hadi 5, na tena wakiwa na miaka 10 hadi 11. Katikati ya vipimo hivyo viwili mengi hutokea, na kitabu cha kliniki cha utotoni kinaweza kujaza pengo. Mtoto mdogo asinyimwe chakula ili apungue bila ushauri wa daktari, kwani mara nyingi lengo huwa uzito wake usiongezeke haraka wakati urefu unaendelea.

Familia inayohamia nchi nyingine ibebe kumbukumbu za uzito na urefu, pamoja na tarehe za kupimwa, badala ya kubeba neno la daktari tu kwamba mtoto yuko sawa au amezidi. Ujerumani huita uzito uliozidi kuanzia juu ya asilimia 90 ya watoto wa chati yake na unene uliokithiri juu ya 97. Madaktari wa Uingereza hutumia 91 na 98 juu ya chati tofauti. Na Shirika la Afya Duniani hubadilisha mipaka yake mtoto anapotimiza miaka mitano. Mtoto aliyeitwa mnene mjini Berlin anaweza kuitwa wa kawaida mjini London bila mwili wake kubadilika, ilhali kilo na sentimita zake husomeka popote.