"Sururu inadunda, jenga tu": dhana potofu kuhusu udongo unaovimba

Kila kiangazi, wenye viwanja vya mfinyanzi mweusi, ule ambao Kitengela na Syokimau wanauita bleki kotoni na Usukumani ni udongo wa mbuga, huja na hoja ileile: "Injinia, pale ardhi ni ngumu mno, sururu inadunda. Kupima ni kupoteza hela." Masika ikipita wanarudi na picha za kuta zilizopasuka.

Basi tuseme taratibu. Ugumu wa kiangazi si uthabiti. Mfinyanzi wenye madini ya smektaiti ukikauka, maji machache yaliyobaki kati ya chembe huzivuta zikabanana kwa nguvu kubwa, na hapo ndipo sururu inapodunda. Maji yakirudi, mvuto ule unalegea, chembe zinanyonya na udongo unapanuka. Kwa hiyo kadiri udongo ulivyo mkavu na mgumu siku unayomwaga msingi, ndivyo ulivyobakiza nafasi kubwa ya kuvimba. Chukua bonge kavu ambalo hulivunji kwa mkono, litumbukize kwenye ndoo ya maji, rudi kesho ulitazame.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba kipimo kisichofaa kinaweza kumpa haki mwenye kiwanja. Piga DCP (fimbo ya chuma inayopigiliwa ardhini kwa nyundo ili kupima ugumu) mwezi wa 9: fimbo inashuka milimita chache kwa pigo, na ripoti inaandika uwezo wa kubeba kPa 250 (kilopaskali, kipimo cha shinikizo). Mteja anafurahi. Namba hiyo inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isimsaidie, kwa sababu inajibu kama ardhi itadidimia, wakati hatari yake ni ardhi kunyanyuka.

Fanya hesabu ya nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Ukuta wa tofali za inchi 6 wenye kimo cha mita 3 una uzito wa takriban kN 9 (kilonyutoni; kN 1 ni kama uzito wa kilo 100) kwa kila mita ya urefu. Ongeza bati, mkanda, ukuta wa msingi na zege la chini, unafika kama kN 20. Gawa kwa msingi wa upana wa milimita 600: unaisukuma ardhi kwa kPa 30 hadi 40 tu. Jamvi, yaani zege la sakafu, la milimita 100 ni kPa 2.4. Udongo unaovimba sana husukuma juu kwa kPa 100, na 200 au zaidi si ajabu. Nani atashinda? Ndiyo maana jamvi huwa la kwanza kuinuka, na ndiyo maana nyumba nyepesi huumia kuliko ghorofa.

Tena jamvi haliinuki sawasawa. Ukishafunika ardhi kwa jamvi, jua halikaushi tena katikati ya nyumba, unyevu unajikusanya huko mwaka hadi mwaka, huku pembezoni pakilowa na kukauka kila msimu. Katikati panapanda, kona zinashuka. Matokeo unayajua: nyufa za mshazari kutoka pembe za madirisha na milango, mlango unaogoma kufunga masika na kufunga vizuri kiangazi. Ufa unaofunguka na kujifunga kwa msimu haumalizwi na plasta.

Sasa, vipimo vya kudai. Usiende maabara kusema "nipimieni udongo". Omba Atterberg (viwango vya unyevu ambavyo udongo huanza kufinyangika na kisha kuwa kama uji), msinyao wa mstari, uvimbaji huru (unavimba kiasi gani majini bila kubanwa), na kama majibu ya hivyo ni mabaya, kipimo cha shinikizo la kuvimba kwa odomita, chombo kinachoubana udongo huku ukiloweshwa. PI, yaani tofauti kati ya viwango hivyo viwili vya Atterberg, ikivuka 35, huo ni udongo wa kuvimba sana. Ila soma pia asilimia iliyopita chekecho la milimita 0.425, kwa kuwa Atterberg hupimwa kwenye sehemu hiyo peke yake: PI 45 kwenye udongo ambao ni asilimia 40 tu iliyopita, ukizidisha, inabaki 18, na hilo ni jambo jingine kabisa. Msinyao wa mstari hauna siri: udongo uliolowa hujazwa kwenye kibati cha urefu wa milimita 140, unakaushwa kwenye tanuri, unapimwa. Ukibaki milimita 120 umesinyaa asilimia 14. Kuanzia asilimia 8 kuwa na hofu.

Sampuli ndizo zinazoharibiwa zaidi. Chimba mashimo mawili au matatu ndani ya eneo la nyumba yenyewe, kina cha mita 2 hadi 3 au mpaka mwamba. (Ukipita mita 1.5, tegemeza kingo. Mfinyanzi wenye nyufa humeguka bila taarifa.) Achana na sentimita 30 za juu zenye mizizi. Chukua kila tabaka linapobadilika, kilo 5 hivi, kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa na kuandikwa shimo na kina. Kwa odomita linahitajika bonge zima lisilovurugwa, likatwe kwa kisu, lifungwe nailoni na kupakwa nta. Na lichukuliwe mwisho wa kiangazi: bonge la masika limeshavimba huko huko ardhini, hivyo maabara itakuandikia shinikizo dogo na utajidanganya.

Uvimbaji huru unaweza kuujaribu mwenyewe ukitaka kujua kwanza kama kuna haja ya kutumia hela: ponda udongo mkavu, uchekeche, pima gramu 10 mara mbili. Tia fungu moja kwenye silinda ya mililita 100 yenye maji, jingine kwenye mafuta ya taa, koroga kutoa hewa, acha saa 24. Mafuta ya taa hayavimbishi mfinyanzi. Udongo ukijaza mililita 10 kwenye mafuta na 18 kwenye maji, tofauti ni asilimia 80. Chini ya 20 uvimbaji ni mdogo, juu ya 50 ni mkubwa sana. Hiki ni kichujio tu. Hakuna msingi unaosanifiwa kwa mafuta ya taa.

"Wangu si mweusi." Rangi haipimi madini. Kuna mfinyanzi wa kijivu na wa kahawia unaovimba, na Kibaha, mkoani Pwani, nyumba zimepasuka kwa udongo wa aina hii.

"Jirani hajapima na nyumba yake iko sawa." Ina miaka mingapi? Na tabaka la mfinyanzi linaweza kuwa nusu mita kwake na mita 2 kwako.

"Ongeza nondo." Nondo bila kujua shinikizo ni kubahatisha kwa gharama kubwa.

"Toa futi mbili, jaza mawe na moramu." Kama mwamba uko karibu, kama ilivyo sehemu nyingi za Nairobi, ondoa mfinyanzi wote na hoja imekwisha. Kama hauko karibu, futi mbili zinaweza kuishia katikati ya sehemu inayolowa na kukauka, na shimo lililojazwa mawe matupu linakuwa bwawa chini ya jamvi lako. Weka moramu nzuri, shindilia kwa tabaka za milimita 150, vuka ukuta kwa mita 1 angalau. Kisha weka gata, sakafia pembezoni mwa nyumba upana wa mita 1.5 maji yatiririkie nje, peleka shimo la majitaka mbali, na huo mkaratusi uliopanda karibu na ukuta ung'oe ungali mche.