Newton hakufutwa na kwanta

Hata hapa Iringa, kwenye vyumba vya walimu, bado nasikia kwamba fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kama atomu na elektroni, ilikuja kuzifuta kanuni za mwendo alizochapisha Newton mwaka 1687. Sivyo.

Chukua kiazi kilichodondoka kwenye lori linaloshuka mlima Kitonga: gramu 100, kinabiringika mita 10 kwa sekunde. Mwanafizikia Louis de Broglie alipendekeza mwaka 1924 kwamba kila kinachotembea kina urefu wake wa wimbi. Kuupata, unagawanya namba ya Planck (namba ndogo mno isiyobadilika ya fizikia ya kwanta) kwa tungamo mara kasi. Kwa kiazi chetu, jibu katika mita lina sifuri 33 baada ya nukta ndipo tarakimu ianze. Kiini cha atomu ni pandikizi la mtu mbele ya wimbi hilo! Lakini wimbi la elektroni ndani ya atomu hukaribia ukubwa wa atomu yenyewe, na hapo ndipo Newton anapokwama kweli.

Mwaka 1927 mwanafizikia Paul Ehrenfest alionyesha kuwa wastani wa mahali na wa mwendo wa chembe, ndani ya hesabu za kwanta zenyewe, hufuata mlinganyo unaofanana na wa Newton. Wimbi likiwa finyu kama la kiazi, huoni tofauti. Dereva wa lori naye apige hesabu za breki kama kawaida.