Mdachi si "Dutch", na "peasant" si tusi

Jumamosi asubuhi huwa nafundisha Kiingereza vijana wa sekondari, kwenye chumba cha nyuma ya duka hapa Mwanjelwa, Mbeya. Juzi katika zoezi la tafsiri zaidi ya nusu yao waliandika kwamba Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alipigana na "the Dutch". Wamesikia wazee wa Iringa wakisema Mdachi, wakaokota neno la Kiingereza linalofanana nalo. Sikuwalaumu. Ila nilirudi nyumbani na orodha ya dhana ambazo nazikuta kila mwaka, na hizi ni baadhi.

Dhana: Mdachi ni "Dutch".

Mdachi wa wazee wetu ni Mjerumani. Jina limetoka kwenye neno analojiita mwenyewe, Deutsch. "Dutch" ni ndugu wa neno hilohilo: Waingereza wa zamani waliwaita hivyo watu wa upande ule wote, kisha wakalibakiza kwa jirani yao wa karibu, Mholanzi. Kwa hiyo jeshi lililopigwa na watu wa Mkwawa kule Lugalo, Iringa, tarehe 17 Agosti 1891 lilikuwa la "Germans". Mholanzi hakuwamo.

Dhana: Uingereza ni "England", na kila anayetoka huko ni "English".

Kiswahili chetu kimebeba nchi nne kwenye kikapu kimoja: England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini. Livingstone, ambaye jina lake limebaki kwenye milima inayoinuka juu ya Ziwa Nyasa, alizaliwa mwaka 1813 Blantyre, kule Uskoti. Mwite Mskoti "English" uone. Atakusahihisha haraka kama Mkinga wa Makete aliyeitwa Mbena.

Wales ndiyo yenye kichekesho. Jina hilo limetokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya mgeni. Waliofika baadaye ndio waliowaita wenyeji wageni! Wenyewe hujiita Cymry, yaani watu wa nchi moja. Huku kwetu husimuliwa kwamba Wahehe walipata jina kutokana na mlio wao wa vitani. Kama ndivyo, basi wao walilipokea na kulivaa, na leo ukimsalimia mtu "kamwene" atakutajia kabila lake kifua mbele.

Dhana: "Tribe" ni neno ambalo Wazungu walitutungia sisi Waafrika.

Halikutungwa kwa ajili yetu. Asili yake ni Kilatini, na Waroma wenyewe waligawanywa na kupiga kura kwa makundi ya jina hilo. Kufikia mwaka 241 KK yalikuwa 35. Lakini hapa sitaki kumnyang'anya mwenye dhana haki yake yote. Waskoti, kama milioni tano na nusu hivi, Kiingereza huwaita "nation". Wasukuma nao ni mamilioni, ila wao ni "tribe". Neno halikuzaliwa na dharau. Dharau imo katika kuchagua nani aitwe nalo.

Dhana: "Slave" maana yake ya asili ni mtu mweusi.

Hapana. Limetokana na Waslavi, watu wa Ulaya ya mashariki, ambao katika zama za kati walitekwa na kuuzwa kwa wingi mpaka jina lao likawa jina la hali yenyewe. Mtumwa wetu yeye ni "aliyetumwa" tu. Katika shina hilohilo la kutuma ndimo alimotoka mtume.

Dhana: "Farmer" ni heshima, "peasant" ni tusi.

Hii ndiyo iliyozua kelele darasani. Kijana mmoja wa Rujewa alikuwa anajaza fomu, mahali pa kazi ya mzazi akaandika "peasant". Mwenzake akamrukia: futa, unamtukana mama yako.

Sasa tazama. "Peasant" limetoka Ufaransa, kwenye neno lenye maana ya nchi. Kwa ukoo wake basi ni mtu wa nchi, karibu kabisa na mwananchi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliposema kiongozi lazima awe mkulima au mfanyakazi, nakala ya Kiingereza iliandika "peasant", na hakuna aliyeona haya. "Farmer" ndiye mwenye historia ya kutiliwa shaka. Mwanzoni alikuwa mtu anayemlipa mkubwa kiasi kilichopangwa, halafu anakwenda kukusanya kodi kwa watu. Baadaye akawa anayekodi shamba. Kushika jembe kulikuja mwishoni.

Ni kweli kwamba leo ukimwita mtu "peasant" mtaani London, umemtukana. Kwenye fomu za hapa ni neno la kawaida. Tena mama wa kijana yule hukodi majaruba kwa msimu, kwa hiyo kwa maana ile ya kale ni "farmer" halali.

"Sasa niandike lipi, mwalimu?"

Nikamwambia akamuulize mwenyewe anajiitaje. Jumamosi iliyofuata akarudi na jibu: mama kasema yeye ni mfanyabiashara wa mchele.