Makinda wa bustanini: tazama mdomo kwanza, rangi iache mwisho

Kila mvua za masika zinapoelekea kukatika, majirani zangu hapa Rau, Moshi, huniletea ndege mkononi au ndani ya kikapu wakitaka niwatajie jina lake, nao wengi huwa wamekwisha kuamua njiani kwamba ni ndege mgeni ambaye hajawahi kufika kihambani kwao, yaani kwenye shamba linaloizunguka nyumba. Karibu wote huwa ni makinda wa ndege wanaowaona kila siku juu ya mpera.

Mimi huanza na pembe za mdomo. Kinda aliyetoka kiotani karibuni huwa bado na ngozi laini, ya njano au nyeupe, iliyovimba pale mdomo wa juu unapokutana na wa chini, na ngozi hiyo ndiyo inayomwonyesha mzazi mahali pa kutia chakula. Kisha natazama mkia, ambao huwa mfupi kana kwamba umekatwa, na malaika, yaani manyoya laini ya utotoni, machache yaliyosalia kichwani. Nikiziona alama hizo najua nimeshika kinda, na tangu hapo siiamini rangi tena. Naangalia umbo la mdomo, miguu na namna anavyokaa.

Tongo, ndege mdogo mla mbegu, alinifundisha hilo kwa aibu kidogo. Mkubwa ana kichwa cheusi, tumbo jeupe na mdomo wenye rangi mbili, lakini kinda wake ni wa kahawia tupu na mdomo wake ni mweusi wote, hata nilipoanza kazi hii niliwahi kumwandika daftarini kama ndege wa aina nyingine kabisa. Siku mbili baadaye nilimkuta kwenye ua wa masale, katikati ya wakubwa watano, amejiinamisha na kuipinda shingo ili mdomo uelekee juu, jinsi makinda wa jamii hiyo wanavyoomba chakula. Nikafuta nilichoandika.

Kwa kwezi, tazama jicho: la mkubwa ni jeupe, la kinda ni la kahawia iliyokolea, na ule mstari mweupe wa kifuani huwa haujajitokeza vizuri. Kurumbiza mchanga ana madoadoa mwili mzima, ilhali wazazi wake hawana hata moja. Shore hasumbui sana, kwani kinda wake ni shore yuleyule aliyepauka. Chozi mchanga huwachanganya wengi, kwa kuwa mdomo wake bado ni mfupi na haujapinda kama wa mkubwa.

Anayeleta ubishi kuliko wote ni kekeo mdogo wa kijani, ambaye jike lake hutaga katika viota vya minana, wale ndege wanaofuma viota vyao. Kinda wake huyasukuma nje mayai ya mwenyeji, hulelewa peke yake, na hutoka kiotani akiwa na mdomo mwekundu ambao hakuna mnana aliye nao. Mwaka jana mama mmoja jirani yangu aliniita haraka: “Shemeji, njoo uone, mtoto amemzidi mama!” Juu ya waya wa kuanikia nguo mnana alikuwa akinyoosha shingo kumlisha kiwavi kinda mwenye mdomo mwekundu, na kinda, kabla hajamaliza kumeza, alikuwa ameshaanza kulia akitaka kingine.